Kisogo cha Picha

Anza nyuma. Uso utakudanganya,
uso umezoea kutazamwa.
Igeuze kadi, usome kisogo:
jina la mpiga picha, mtaa wake wa Burlington,
na stempu ya kodi ya vita, senti mbili,
rangi ya ganda la chungwa lililokauka,
imefutwa kwa wino, herufi mbili na tarehe:
tisa Septemba, sitini na tano.

Chini yake, kwa penseli, mwandiko wa shangazi Rosalba,
umelala upande kama nyasi baada ya mvua:
Babu Wilfrid, mtoto mchanga.

Shangazi, nakuheshimu. Lakini
Babu Wilfrid alizaliwa sabini na moja.
Hata kwa haraka zake zote
(alioa kabla hajaota ndevu,
alikufa kabla supu haijapoa)
hakuweza kuwahi kupigwa picha
miaka sita kabla ya kuzaliwa.

Nimestaafu kupima ardhi.
Miaka thelathini na moja nilitafuta mawe ya mipaka
katika mashamba ya watu wasiosalimiana,
nikajifunza kwamba mpaka huhama
bila jirani yeyote kuusukuma:
mtu mmoja hukosea, wa pili hunakili,
wa tatu huapa mahakamani.
Basi nawasha taa ya jikoni, nashika kioo cha kukuzia.
Nje, theluji ya Winooski inaufuta ua.

Kadi nyembamba, pembe za mraba: inalingana.
Gauni jeupe halisemi kitu,
enzi hizo wavulana nao walivishwa gauni.
Nywele ndizo. Chache, zimelowanishwa,
zimepasuliwa katikati kwa mstari mnyoofu.
Wavulana walipasuliwa upande.
Huyu ni wa kike.

Na kiti alichokalia
kina magoti.

Nilikitazama kiti hiki utoto wangu wote,
kilitundikwa ukutani juu ya piano,
wala sikuona magoti.
Pazia la maua limekifunika toka juu hadi chini,
lina mabega, lina kichwa kilichoinama kidogo
kama cha mtu anayesikiliza mlangoni.
Kamera za siku zile zilitaka utulivu,
na mtoto hatulii ila kwa mamaye.
Wakamfunika mama, wakamwambia ashike, asionekane.
Akashika.
Ila mkono wa kushoto umechomoza kiunoni pa mwana,
na kidole cha shahada kinaishia kwenye kifundo.

Philomène. Mashine ya sufu ilikila kidole kile.
Walisema alihesabu wajukuu mezani hadi tisa, akacheka:
wa kumi mkamdai mwenye kiwanda.
Picha yake haipo, tuliambiwa sote.
Hakupenda kupigwa picha.

Daftari la parokia lina mstari mmoja:
Exilda, binti wa Moïse na Philomène,
miezi kumi na minne, amezikwa
Machi, sitini na sita.
Padri hakuongeza neno. Ukurasa ule ana majina mengi.

Nikampigia kaka yangu Normand.
Alinyamaza, nikasikia redio yake.
"Kwa hiyo babu hana picha ya utotoni?"
Hana.
"Na mimi namwambia Gérard kila siku
kwamba amerithi masikio yale."
Amerithi, nikasema. Ni masikio ya ukoo.

Husemwa asiyekuwepo na lake halipo.
Huyu alikuwepo.
Alikuwepo, akafanywa kiti.

Sifuti mwandiko wa shangazi;
kosa lake nalo ni la ukoo, lina tarehe yake.
Nachukua penseli laini, kamwe si kalamu ya wino,
naandika chini, polepole, bila kukandamiza:
Exilda, yapata miezi minane. Karibu hakika.
Naikagua tena karibu ile. Naiacha.
Kisha mstari wa pili:
Aliyemshika: Philomène. Vidole tisa.

Sandukuni zimebaki sitini na mbili.
Ya juu kabisa: mwanamume kofia mkononi,
na farasi.
Naigeuza.
Rosalba ameandika jina la farasi.